Akaunti kwa Jina la Mama

Salatiga, 12 Aprili

Kwa Mama Mkubwa Wening,

Shikamoo. Habari za Jakarta? Sisi hatujambo, ila Bibi magoti yanamsumbua tena.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu Mama anaisoma, na simu ya Baba ni ya kazi. Anwani yako niliinakili kwenye boksi la zawadi ulizotutumia kabla ya Idi yetu ya Lebaran, kabla halijatupwa. Stempu kaninunulia Mwalimu Endah. Sikumwambia naandika nini. Nilimwambia tu namwandikia mama yangu mkubwa ambaye ni wakili, akafurahi, akasema watoto wa siku hizi hawajui hata kubandika stempu.

Nina swali. Darasani Mwalimu alitusomea kuhusu sheria mpya, kwamba mtoto ambaye hajafika miaka kumi na sita haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye ile mitandao mikubwa, na kampuni zenyewe ndizo zinatakiwa kuhakikisha. Darasa zima likageuka kunitazama. Galang akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, mbona Asih ana wafuasi milioni mbili na ana miaka kumi na moja?" Mwalimu akatuambia tufungue ukurasa unaofuata.

Je, mimi navunja sheria? Wakija, watanikamata mimi au Mama?

Kupika napenda. Nisichopenda ni kupika kitu kimoja mara tatu. Wewe uliona siku ya Lebaran, nilipompigia Bibi magoti kumwomba radhi ya sikukuu, Baba akasema mwanga haukukaa vizuri, nirudie. Nikarudia. Akasema nirudie tena na nitoe machozi kidogo. Mara ya mwisho sikuwa naomba radhi tena, nilikuwa natazama maua kwenye kitenge cha Bibi nikijiuliza ni ya aina gani. Wewe ulitoka nje. Nilikuona.

Jambo jingine. Wiki iliyopita mwanaume mmoja, umri kama wa Baba, alisimama getini kwetu shuleni na boksi la keki. Aliniita "Asih", jina la nyumbani. Shuleni wote wananiita Kinasih, isipokuwa wanaotazama video. Akasema, "Asih, homa imepona? Na lile pazia lako la sungura mmelitoa kwa nini? Lilikuwa zuri kuliko hili jipya." Nilirudi darasani nikakaa mpaka Mama akaja. Nilipomwambia, Mama alisema ni shabiki tu, mashabiki ndio wanaotulisha, nisimwambie Bibi wala Baba.

Basi wewe si Bibi wala Baba.

Usimwambie Mama kwamba nimekuandikia. Ukijibu, tuma shuleni kwa Mwalimu Endah.

Mwanao,
Asih


Jakarta, 20 Aprili

Mpendwa Niken,

Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Ningepiga simu, ila mara ya mwisho nilipopiga nilijikuta kwenye video za Jiko la Asih nikiwa na kilemba changu cha kulalia, na chini yangu maandishi: "Mama Mkubwa wa Jakarta kachoka na kazi, Asih ampikie nini?" Karani wetu ndiye aliyenionyesha, ofisini, mbele ya mteja. Kwa hiyo naandika. Karatasi mumeo hawezi kuirekodi. Akiweza, basi kanishinda.

Mdogo wangu, kazi yangu miezi hii ni sheria mpya ya watoto mitandaoni. Wanakuja wazazi, zinakuja shule, nawaeleza: kampuni inabanwa kujua umri wa anayetumia, aliye chini ya kumi na sita asipewe akaunti kwenye mitandao yenye hatari kubwa, na taarifa za mtoto zisigeuzwe biashara. Nawaeleza watu nisiowajua mpaka sauti inakauka. Jana nikajiuliza mbona sijamweleza mtu wa tumbo moja na mimi.

Naomba uniambie: akaunti ya Asih mliisajili vipi? Mliandika umri gani?

Asih hajaniambia lolote, sijazungumza naye tangu Lebaran. Nasema kwa niliyoyaona kwa macho yangu. Na kuna watu wanaotazama zile video ambao shida yao si mapishi. Ofisini kwetu tunawaona. Je, kuna jambo lolote limetokea? Kuna mtu amewafuata, nyumbani au shuleni? Niambie hata kama unaona ni dogo.

Msalimie Mama. Mwambie ile dawa ya kuchua isikae juani.

Dada yako,
Wening


Salatiga, 2 Mei

Dada,

Tarishi alileta barua yako nikiwa nimeshika mwiko. Wasis wangu alidhani ni ya benki, akaingia chooni na hakutoka mpaka nilipomwambia ni mwandiko wako. Mama yetu naye alitaka nimsomee yote kwa sauti. Nikamsomea pale pa dawa ya kuchua tu.

"Je, kuna jambo lolote limetokea?" Ama kweli! Ulisahau tu kuniambia kwamba nina haki ya kukaa kimya.

Haya, andika kwenye faili lako. Akaunti ni yangu. Ipo kwa jina langu, kitambulisho changu na umri wangu, ingawa kwenye video nimebarikiwa, sionekani hivyo. Asih hana akaunti. Asih anapika, Wasis anarekodi, mimi naiweka mtandaoni. Kampuni ilituma ombi la kuhakiki umri, nikasimama dirishani, nikageuza uso kushoto, nikageuza kulia, wakaniambia asante. Kwa hiyo sheria yako imeshafika hapa nyumbani, Dada, imekunywa chai na imeondoka zake.

Sasa nikukumbushe na mimi. Kiwanda cha nguo kilipofungwa ulitutumia pesa kwa muda, nashukuru. Halafu ukaanza kututumia ushauri. Wasis alikuwa fundi wa mashine za kufuma tangu kabla sijamjua. Alipokosa mashine alikaa kwenye kiti cha uani, akawa anatazama kuku. Hakuwa mlevi, hakunipiga, alitazama kuku tu, na mimi nikaogopa kuliko kama angenipiga. Siku moja Asih alikuwa anasaga sambali ya bibi yake huku akiielezea pilipili kama mwalimu wa darasa, Wasis akacheka, akamrekodi, tukaiweka. Kulipopambazuka walikuwa wameitazama watu wengi kuliko Salatiga yote. Wasis akainuka kwenye kile kiti. Wewe hukuwepo kuona mtu anavyoinuka.

Paa la chumba cha Mama limetoka kwenye Jiko la Asih. Dawa zake pia, ukiacha ile ya kuchua.

Tena nikuulize wakili. Sisi tukiwa wadogo Baba alitusimamisha sokoni tuuze tempe yake ya soya, na kila mteja alitufinya mashavu. Uliuza kuliko mimi kwa sababu ya vile vishimo vyako. Mbona hakuna sheria iliyokuja kutuokoa? Tofauti iko wapi?

Hakuna kilichotokea. Mashabiki wetu ni akina mama wa nyumbani wanaotaka kujua mapishi ya mchuzi wa lodeh. Na Asih anapenda. Muulize mwenyewe. Au umeshamuuliza?

Mdogo wako mwenye haki zote,
Niken


Jakarta, 8 Mei
Kwa mkono wa Mwalimu Endah

Mpendwa Asih,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilifika, na nimeisoma peke yangu.

Hukuvunja sheria yoyote. Hakuna atakayekuja kukukamata, wala Mama. Sheria hii haikutungwa kuwakamata watoto, ilitungwa kuzibana kampuni.

Sasa nitakuambia jambo gumu, kwa sababu umeniuliza swali la mtu mzima. Akaunti ile ipo kwa jina la Mama, na Mama ni mtu mzima. Walioandika sheria walimfikiria zaidi mtoto anayejipenyeza mtandaoni akidanganya umri. Mtoto anayeingizwa na wazazi wake, kwa jina la wazazi wake, hawakumwandikia mengi. Nimesoma kila kifungu nikikutafuta, nimekuona kwa mbali tu, pale panaposema taarifa za mtoto zisitumike kibiashara. Nitaanzia hapo. Sitakuambia nitafanya nini, ili ukiulizwa usilazimike kudanganya.

Yule mtu wa getini si shabiki. Mtu mzima anayelijua pazia la chumba chako hana shughuli yoyote na wewe. Mwambie Mwalimu Endah leo, mwambie kila alichosema, na usitoke getini bila mtu.

Siku ya Lebaran nilitoka nje kwa sababu sikujua niseme nini mbele ya watu wote.

Nakupenda,
Mama Mkubwa


Salatiga, 9 Juni

Dada Wening,

Naomba unisaidie. Sina utani leo.

Wameifunga akaunti. Ijumaa Wasis aliifungua aweke video ya opor ya kuku, akakuta skrini nyeupe. Wametuandikia kwamba wamepokea malalamiko, kwamba kuna maudhui yanayomweka mtoto hatarini na taarifa za mtoto zinatumika kibiashara. Kila kitu hakipo, Dada. Miaka mitano ya kazi. Wasis alijaribu kuwapigia, akaongea na mashine iliyomwita "mteja wetu mpendwa" mpaka akaitupa simu kwenye ndoo ya mchele. Watu wa maziwa waliokuwa wanatulipa tuwatangazie wamejitoa siku hiyohiyo. Wameandika mistari miwili, hata jina la Asih wamelikosea.

Wasis amerudi kwenye kile kiti cha uani.

Alianza kwa kumshuku jirani yetu Yanti, kwa kuwa ana binti anayeimba na watazamaji wake ni shangazi zake tu. Alitaka kwenda kumgongea. Tukiwa tunabishana mlangoni Asih akatokea jikoni, akasema, "Msimwendee Mama Yanti. Ni mimi."

Wasis akamwambia, "Wewe nini?"

"Ni mimi. Nilimwandikia mtu."

"Mtu gani?"

Tumembembeleza, tumemkaripia, hasemi nani. Wasis akamwambia, "Basi wewe ndiye utakayemweleza Bibi yako kwa nini dawa zimekwisha." Nilimwambia Wasis afunge mdomo wake. Lakini na mimi sikwenda kumshika mtoto. Nikuambie ukweli, ni mtoto wangu na nashindwa kumtazama. Anakunywa chai tu, wali haugusi. Anaosha vyombo ambavyo ni visafi.

Kuna nafasi ya kukata rufaa. Wewe unajua lugha yao. Niandikie hiyo rufaa, Dada. Yote niliyokuandikia kuhusu ushauri nimeyafuta. Nitakuheshimu mpaka naingia kaburini.

Niken


Salatiga, 11 Juni

Mama Mkubwa,

Nimewaambia ni mimi. Na ni kweli ni mimi, kwa sababu nisingekuandikia usingejua.

Wewe usiseme. Baba akinikasirikia ataacha, mimi ni mtoto wake. Lakini Mama ana dada mmoja tu.

Yule mtu nilimwambia Mwalimu kama ulivyosema. Sasa mlinzi anasimama getini. Mwalimu alitaka kumwita Mama shuleni, nikamwomba asubiri.

Video zikirudi nitapika tu. Mwambie Mama nitapika, kama akikuuliza. Siwezi kumwona anakaa hivi.

Asih


Jakarta, 15 Juni

Niken,

Acha kumuuliza mtoto. Ni mimi.

Niliwasilisha malalamiko mwezi uliopita, kwa jina langu kamili, kwa njia iliyo wazi kwa raia yeyote. Niliambatisha video ile ambayo Asih amelala na homa, kitambaa kwenye paji la uso, na chini yake tangazo la maziwa. Niliambatisha ile ya siku ya kwanza ya muhula, geti la shule nyuma yake na jina la shule linasomeka. Na ile ya Lebaran, ambayo nilikuwepo ikirekodiwa. Asih hakujua. Aliniandikia kuniuliza kama yeye ni mhalifu. Nilikudanganya niliposema hajaniambia lolote. Amejitwisha hili ili wewe usinikose mimi. Ana miaka kumi na moja na tayari amejifunza kupanga nani amkasirikie nani.

Sikukuuliza kwanza, kwa kuwa ungekataa. Na ungekataa mimi ningekubali, maana sijawahi kukushinda tangu una miaka minne.

Uliniuliza tofauti iko wapi kati ya Jiko la Asih na sisi sokoni. Waliotufinya mashavu Baba aliwaona. Alijua sura zao, na yule mmoja aliyezidisha mkono alimfukuza na kisu cha tempe, unakumbuka? Hawa wa Asih wewe huwaoni. Mmoja wao umeletewa taarifa zake na binti yako mwenyewe, amesimama getini na keki, anauliza habari za pazia la chumbani. Nilikuuliza waziwazi kama kuna mtu amewafuata. Ukaniandikia habari za lodeh.

Rufaa siwezi kukuandikia. Mtafute wakili mwingine. Na kwa kuwa nimekudanganya mara moja sitakudanganya mara ya pili: rufaa hiyo unaweza kushinda. Akaunti ni ya mtu mzima, na sheria bado haijajua vizuri la kufanya na mzazi. Ukifuta zile video nilizozitaja, watairudisha. Hapo itakuwa juu yako.

Lakini hayo baadaye. Weka barua hii chini, nenda kamshike mtoto.

Wening


Salatiga, 24 Juni

Dada Wening,

Nimemwambia Asih kwamba najua. Alilia kuliko siku ile tuliyofungiwa. Alisema, "Nilitaka ubaki na dada yako." Nimemshika. Sikukungoja wewe uniambie, nilikuwa nimemshika kabla sijamaliza kusoma.

Kuhusu mtu wa getini. Kila siku tangu Asih aniambie nimekwenda kusimama ng'ambo ya barabara kabla shule haijatoka, nikimtafuta mwanaume mwenye boksi la keki. Sikumwambia Wasis kwa sababu Wasis angeua mtu. Sikukuambia wewe kwa sababu ungefanya hivi ulivyofanya. Unaona?

Asih amenionyesha barua uliyomtumia shuleni. Na nikuulize swali moja, wewe unayewaeleza wazazi sheria mpaka sauti inakauka. Huwaambii wajihadhari na mtu mzima anayewasiliana na mtoto wao kwa siri, anayepitia shuleni, anayemwambia mtoto ni bora asijue ili asidanganye? Mtu huyo kwenye nyumba yangu alikuwa wewe.

Rufaa anaiandika kijana mmoja wa Semarang. Usije hapa. Ukipiga simu, zungumza na Mama, ukimaliza ukate.

Niken


Salatiga, 19 Agosti

Wening,

Barua zako nimezipata, zote. Sikuzijibu kwa makusudi.

Tulishinda. Mwanzoni mwa mwezi huu, mchana, simu ya Wasis ikalia na akaunti ikawa imerudi, na wafuasi wake wote, kana kwamba mtu amewasha taa kwenye nyumba tuliyodhani imeungua. Wasis alipiga kelele mpaka majirani wakatoka wakiuliza nani kafunga goli. Alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na kuku, nazi, na mchaichai wa kulisha kijiji. Akafuta vumbi ile taa ya duara ya kurekodia. Akaniambia, "Mwite mwigizaji wetu." Nilikuwa na furaha, sitaki kukuficha. Nilikuwa na furaha sana.

Asih akaja, amenawa mikono, amevaa aproni. Aproni imekuwa fupi, hatukumwona akirefuka. Akasimama pale sakafuni palipobandikwa utepe wa gundi, mahali pake. Na mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya barua zako zilizokuwa kabatini, nikamuuliza, "Asih, unataka?"

Alimtazama baba yake kwanza. Halafu akaitazama taa. Halafu akanigeukia, akatabasamu.

Lile tabasamu nalijua, nilimfundisha mimi. Meno ya juu tu, kidevu chini kidogo, macho yafunguke. Tulilifanyia mazoezi mbele ya kioo alipokuwa na miaka saba. Alikuwa ananitabasamia hivyo mimi, mama yake, jikoni kwetu, na kamera haikuwa imewashwa.

Nikamwambia Wasis azime taa.

"Nizime?"

"Zima."

"Niken, tumeshinda! Umechanganyikiwa? Umesahau tulivyokaa?"

"Sijasahau. Zima."

Asih akasema haraka, "Mama, mimi naweza, kweli naweza, leo sitakosea." Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye sakafu, na mchaichai mapajani. Wasis akazima taa, akatoka.

Sijamaliza. Kabla sijaifuta akaunti nilifungua jumbe za watazamaji, ambazo siku zote tulikuwa tunazijibu kwa haraka haraka, mimi na Wasis kwa zamu, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Nikatafuta neno "pazia". Yule wa getini alikuwepo. Alianza kuandika Asih akiwa na miaka minane. Ameuliza anakwenda shule na nani. Ameuliza siku gani anabaki na bibi peke yake. Ameuliza kama lile jino limeshang'oka. Na chini ya kila ujumbe kulikuwa na alama nyekundu ya moyo, tulimwekea sisi. Kuna mmoja niliujibu mimi mwenyewe: "Asante kwa kumjali binti yetu." Jina langu lipo pale, Wening.

Nilimwita Wasis, nikampa simu asome. Alisoma akiwa amesimama, halafu akaenda kukaa kwenye kile kiti, na safari hii sikumlaumu. Kesho yake akaenda kwa kaka yake Boyolali. Anasema kuna kazi kwenye karakana ya pampu. Anakuja Jumapili, anamletea Asih korosho, wanakaa uani wanatazama kuku. Hatukutukanana. Sijui kama atarudi.

Polisi walinipokea vizuri, wakaandika, wakachukua nakala za zile jumbe. Hawajampata. Jina alilotumia si lake, picha si yake. Mwalimu Endah anasema hajaonekana tena getini, na mimi sijui kama hiyo ni habari njema. Nampeleka Asih asubuhi, namfuata mchana. Napika pakiti za chakula kwa ofisi mbili katikati ya safari hizo. Mama ameacha dawa moja, anadai haikuwa inamsaidia. Anadanganya, magoti yake nayaona.

Kisha nikaifuta. Nilibonyeza, wakaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza tena. Nikadhani nimemaliza. Wiki iliyopita binti yake Yanti akamwonyesha Asih video yake ya homa kwenye akaunti ya mtu asiyejulikana, yenye maandishi ya lugha ambayo hatuijui. Nimetafuta tangu siku hiyo, nimekuta nyingine, na nyingine. Hiyo ya homa imetazamwa kuliko tulipoiweka sisi. Nimewaandikia, wanataka nithibitishe kwamba mimi ni mama yake.

Sijakusamehe. Nilitaka nikuambie hilo kwa mwandiko wangu ili usije ukaisoma barua hii vibaya. Ulisema kweli kuhusu yule mtu na kuhusu video, na bado nikikumbuka mtoto wangu alivyokaa siku zile akiosha vyombo visafi, natamani kukupigia kelele. Lebaran ijayo usinunue tiketi mpaka nikuambie.

Nina swali la kisheria. Hizo nakala zilizo kwa watu wengine, nani anabanwa kuziondoa, na kwa muda gani? Uthibitisho gani wanaukubali? Nianze na kampuni au na serikali? Hiyo ya homa kwanza, nyingine zitafuata. Niandikie hatua moja baada ya nyingine, kama unavyomwandikia mteja. Usiweke salamu, na usiniite mdogo wangu. Nikikwama mahali nitakuandikia tena.

Asih yupo hapa mezani anafanya hesabu zake. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia wakili. Amenitazama, ameinuka kwenda kunitafutia bahasha.

Niken